Ukoo wa Bi Mwanaisha: mkono wa Hamisi

*Jumatano*

Rehema: Asalaam aleikum. Tumetoka kwa daktari. Ba'mdogo Hamisi anapasuliwa kesho asubuhi, anawekewa chuma.

Shangazi Mwana: Waaleikum salaam. Chuma cha nini tena? Si wavute wafunge P.O.P, lile plasta gumu? Saidi wangu alivunjika hivyohivyo kwenye mwembe, wakamvuta tu, leo anabeba ndoo.

Rehema: Shangazi, Saidi alikuwa na miaka saba. Mfupa wa mtoto hujinyoosha akikua. Wa mtu wa miaka 51 ukiunga upande ndiyo basi.

Ba'mkubwa Idi: Kavunjika wapi hasa? Mimi nimeambiwa kiwiko.

Rehema: Kiwiko na chini yake. Ile mifupa miwili, wa upande wa kidole cha mwisho umekatika, na kichwa cha mwenzake kimechomoka kiwikoni. Kwenye eksirei kinaonekana kabisa kimekaa nje. Wanaita Monteggia, jina la daktari wa Milano aliyeueleza mwaka 1814. Ule uliokatika ukirudishiwa urefu wake na kubanwa kwa bamba na skrubu, kile kichwa mara nyingi hurudi chenyewe. P.O.P haiwezi kuushikilia hivyo kwa mtu mzima.

Shangazi Mwana: Na yule mzee anayeunga mifupa kwa mianzi?

Rehema: Hapana shangazi yangu. Mkono umevimba, ukiukaza mianzi damu haipiti. Vidole vikifa ganzi, ukivinyoosha akapiga yowe, hapo tunahesabu saa, si siku. Wodini nimeona mkono ukikatwa kwa hilo.

Ba'mkubwa Idi: Basi apasuliwe. Mchango utumwe kwa Zuhura, simu ya Hamisi ilisagika na pikipiki.

*Ijumaa*

Hamisi (simu ya Zuhura): nimetoka salama. naandika na kushoto mniwie radhi

Shangazi Mwana: Alhamdulillah! Sasa utulie mdogo wangu, usiutikise hata kidogo.

Rehema: Shangazi usimponze 😅 Vidole aanze kuvichezesha leo. Kiwiko kina kinyongo, ukikilaza wiki sita kinaganda, na kukikunjua tena ni kilio. Daktari akiruhusu tu, mazoezi.

*Baada ya wiki tatu*

Hamisi: Leo wa mazoezi kaniambia geuza kiganja kama unaomba dua. Kimefika nusu.

Shangazi Mwana: Itapokelewa hivyohivyo. Endelea kugeuza. Na ile pikipiki umeshaiuza?

Hamisi: Mtandao unasumbua huku