Tupeane uzoefu: ulipandisha Windows, antivairasi ikakataa kwenda nayo

Mwalimu wa Kasarani
Wadau, jana usiku nimetoa laptopu Windows 10 nikaiweka 11. Nimekuwa nikiahirisha tangu Microsoft wafunge msaada wa 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Imeingia vizuri, ila antivairasi (programu ya kuzuia virusi) niliyolipia hadi mwakani haifunguki, na waifai inaonyesha imeshika lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Humo nina alama za watoto wa kidato cha nne. Nani amepitia haya?

Kijana wa Githurai
Hiyo ya waifai kushika na intaneti isiingie naijua sana. Nilimaliza siku tatu nikilaumu bando.

Mama Saiba, Umoja
Mwalimu, umenirudisha Juni 2019. Saiba yangu ilikuwa na kompyuta sita za Windows 7. Tulishaambiwa msaada wake unafungwa Januari 2020, nikaona nizipandishe mapema ziwe 10, na nikachagua wiki mbaya kuliko zote: ile ya mwisho ya kufaili ritani za kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato. Jumatano usiku tukazipandisha. Alhamisi asubuhi foleni imefika kwa kinyozi jirani, na mashine nne zinawaka, skrini inakuwa bluu, zinazima, zinawaka tena. Watu wanawaza faini ya 2,000 ya kuchelewa, mimi natetemeka kwa jambo jingine. Ndani ya mashine ya tatu kulikuwa na kijitabu cha mazishi cha mzee mmoja. Binti yake tulikaa naye Jumanne jioni yote tukipanga picha, maneno ya wajukuu akiyaandika hapo hapo. Basi lao la Busia lilikuwa linatoka saa mbili usiku. Nakala nyingine haikuwepo.

Fundi akaja kutoka Luthuli, akaangalia dakika tano, akasema tufomati, yaani tufute kila kitu na kuanza upya, 1,500 kila mashine. Yule binti aliposikia "fomati" akashika ukuta.

Nikakataa. Mpwa wangu wa chuo akaniongoza kwa simu: izime kwa nguvu inapoanza kuwaka, rudia mara mbili tatu hadi ukurasa wa matengenezo utokee, kisha uingie hali salama (Safe Mode), ambapo Windows huwaka na vitu vya lazima tu. Ikawaka! Antivairasi ya zamani ilikuwa imeacha draiva zake, vile vijiprogramu vinavyowaka pamoja na mfumo, ndani kabisa ya Windows mpya, na ndizo zilizokuwa zikiiangusha. Kwenye hali salama hazipakiwi. Kwa mashine iliyokuwa nzima tukashusha programu ya kuing'oa antivairasi hiyo, kutoka kwa watengenezaji wake wenyewe, tukaihamisha kwa flashi.

Shiru
Mama, kijitabu kilipatikana??

Fundi Luthuli
Poleni, lakini msitupake matope sote. Fundi wa kweli hutoa diski kwanza, ahamishe faili, ndipo aongee habari ya kufomati.

Kijana wa Githurai
Wangapi hufanya hivyo? Mimi nilifomatiwa na sikuulizwa hata swali moja.

Fundi Luthuli
Na wewe antivairasi yako ilikuwa ya kreki, yaani ya kuibwa bila leseni? Nusu ya zinazoletwa kwangu ni za kreki. Toleo lake haliwezi kusasishwa, sasa litapatana vipi na Windows mpya?

Karani Upper Hill
Acheni kabisa kununua antivairasi. Windows 10 na 11 zina Defender, antivairasi ya Microsoft wenyewe, ndani, bure.

Baba Amani
Si rahisi hivyo, ndugu. Ukiweka nyingine, Defender hukaa kando. Hiyo nyingine ikibaki nusu mfu, huwezi kujua nani analinda mlango. Na ofisi nyingine mkataba unadai waliyoichagua wao.

Karani Upper Hill
Basi iondolewe kabla ya kupandisha, irudishwe baadaye kwa toleo jipya. Mbili zikikaa pamoja zitapigana na mashine itakuwa nzito.

Baba Amani
Hapo tumeelewana. Hata Microsoft walilijua tatizo hili: Januari 2018 walizuia sasisho za usalama zisifike kwenye mashine ambazo antivairasi yake haikuthibitisha kwamba inapatana nazo, kwa sababu baadhi zilikuwa zikileta skrini ya bluu.

Shiru
Jamani, kijitabu!

Nesi wa Rongai
Mwalimu, kabla hujaingia hali salama tafuta ufunguo wa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga diski, tarakimu 48. Yangu iliuitisha saa sita usiku na sikuwa nao. Na ukitaka kurudi Windows 10, kwa kawaida una siku 10 tu.

Mwalimu wa Kasarani
Ufunguo nimeupata kwenye akaunti yangu ya Microsoft. Nimeshusha programu ya kuing'oa antivairasi kwa kompyuta ya shule, nimeiendesha kwenye laptopu, nimewasha upya. Intaneti imerudi! Defender imeamka yenyewe. Alama zote zipo. Mungu awabariki.

Mama Saiba, Umoja
Shiru, samahani, nilikuwa na wateja. Mashine ya tatu iliamka saa kumi jioni. Picha zote zilikuwepo, hata ya mzee na baiskeli yake. Nilichapa nakala 120, sikuwatoza hata shilingi. Walibeba karatasi zikiwa bado na joto, na basi la saa mbili waliliwahi.