Kijana anapigania namba ya taiti endi wa akiba, nimshaurije?

Mama Baraka: Wakuu salaam. Mwanangu anasoma sekondari hapa Columbus, Ohio, anacheza futiboli ya Kimarekani. Taiti endi (mchezaji anayezuia mabeki na pia kudaka mpira unaorushwa) wa kwanza namba yake haina mjadala, ila ya akiba wanaigombea wawili. Wangu ni mrefu, katokea kwenye kikapu, mpira wa juu haumpiti. Mwenzake hadaki sana, lakini akimzuia beki hamwachii. Kocha anamwingiza wangu wakitaka kurusha tu. Sasa anataka kuacha abaki na kikapu. Niende kwa kocha?

Mjomba wa Dallas: Usiende, dada. Aende mwenyewe aulize anakosa nini. Ila fikiria: akiingia wakati wa kurusha tu, wapinzani wakimwona wanajua mpira unarushwa. Taiti endi anayezuia na kudaka anawaacha mabeki wakibahatisha. Kocha anatafuta huyo.

Kamau: Na kwa nini achague? Futiboli ni vuli, kikapu ni majira ya baridi. Antonio Gates alicheza kikapu chuo cha Kent State, hukohuko Ohio, futiboli ya chuo hakucheza hata mechi moja. Chargers, timu ya ligi kuu ya NFL, wakamchukua 2003 bila kupita kwenye drafti, ule mchujo wa timu kuchagua wachezaji wa vyuo. Akamaliza na tachidauni (mabao) 116 za kudaka, rekodi kwa taiti endi, na 2025 akaingizwa kwenye Jumba la Heshima la futiboli pale Canton, Ohio.

Mjomba wa Dallas: Gates ni mmoja, Kamau. Mfano wa mtu wa akiba ni Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka raga akaenda Colts, nao wa NFL, 2013. Hakuwa taiti endi, lakini uwanjani aliingia zaidi kwenye mipira ya kupigwa kwa mguu. Kijana ajitolee huko, makocha wanaona.

Mama Baraka: Asanteni sana. Kijana kaongea na kocha. Kaambiwa mpira ukianza tu anasimama wima, beki anamwingia chini ya kifua na kumsukuma nyuma. Nyumbani hana wa kusukumana naye, afanyeje?

Mjomba wa Dallas: Warefu wa kikapu wengi wako hivyo. Funga kamba usawa wa kifua chake. Aanze ameinama chini yake, atoke kwa hatua fupi za haraka, kichwa kisiguse kamba. Viwiko abane, viganja vielekee kifuani mwa beki, miguu isisimame. Afanye kila jioni kabla ya kushika mpira.

Mama Baraka: Kamba ninayo, leo hii naifunga.