Mume anataka nibadili jina kabla sijajifungua, nifanyeje?

MamaKijacho: Wakuu, habari zenu. Nina mimba ya miezi saba. Juzi mume wangu kasoma habari za saikolojia ya mageuko, ile elimu ya jinsi tabia za binadamu zilivyojengeka tangu enzi za kale, kaja na hoja: mama ana hakika mtoto ni wake kwa sababu kamzaa, baba anaamini tu. Kwa hiyo mke kuchukua jina la mume ni kumtuliza baba ili atunze familia. Vyeti vyangu vyote, hadi leseni ya uuguzi, vina jina la babu yangu. Sitaki ugomvi, ila naona kama najifuta. Nishaurini.

Mzee wa Kahawa: Badili tu binti yangu. Jina halijazi sufuria.

Msomaji wa Usiku: Hoja yake ina ukweli nusu. Mwaka 1982 wanasaikolojia Martin Daly na Margo Wilson walichambua video za uzazi Marekani, wakakuta akina mama wakisema kichanga kafanana na baba mara nyingi zaidi kuliko kujitaja wenyewe, yaani kumtuliza baba kupo. Wewe nesi unalijua hili: mtoto uso umevimba, macho hayajafunguka, shangazi keshasema "haya masikio ya baba yake". Sasa mwambie mumeo, jina lako linathibitisha nini kuhusu mimba? Anayebeba jina la baba ni mtoto, na atalibeba hata usipobadili lako. Wahenga walishamaliza: kitanda hakizai haramu.

Binti wa Tanga: Kwetu Waislamu mke anabaki na jina la baba yake. Mama yangu yuko kwenye ndoa mwaka wa 40 na jina lake, na baba hajawahi kuacha kutuhudumia.

Karani Mstaafu: Sheria ya Ndoa ya 1971 haikulazimishi. Ukiamua kubadili, subiri ujifungue kwanza. Kuna hati ya kubadili jina, kuisajili, kisha kitambulisho cha NIDA, benki, pasipoti, leseni. Kadi ya bima ikisoma jina moja na kitambulisho jingine, utabishana dirishani uchungu umekushika.

Mzee wa Kahawa: Mnasumbuka bure. Akizaliwa, mtaa mzima utakuita Mama Fulani, na yeye Baba Fulani. Mtoto ndiye atakayewabadili majina wote wawili.

MamaKijacho: Nimemuuliza: linalokutuliza ni jina langu au la mtoto? Kanyamaza, kisha kauliza kama mtoto ataitwa jina la baba mkwe wangu. Nikamjibu, kwani nani alikataa? Sasa hivi yuko nje, anampigia mama mkwe.