Vita vya Iraki: Utetezi wa "Tulikosea kwa Nia Njema" Unafika Hadi Lini?

Mchangiaji aliyenitangulia ametoa hoja ambayo si ya kupuuzwa. Anasema kwamba George W. Bush, aliyekuwa rais wa Marekani, na Tony Blair, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, hawakudanganya walipotangaza kuwa Saddam Hussein, mtawala wa Iraki, alikuwa na silaha za maangamizi, bali waliziamini taarifa za kijasusi walizoletewa, na kwamba si haki kuwahukumu leo kwa mambo ambayo wakati ule hawakuyajua. Nakubaliana naye kwa sehemu. Saddam aliwaua Wakurdi wa Halabja kwa gesi ya sumu mwaka 1988, akawazungusha wakaguzi wa Umoja wa Mataifa tangu 1991 hadi 1998, na Azimio namba 1441 la Novemba 2002, lililoitaka Iraki iruhusu ukaguzi na kuachana na silaha hizo, liliungwa mkono na wajumbe wote 15 wa Baraza la Usalama, Syria ikiwemo. Aliyemshuku mtu kama huyo hakuwa na kosa.

Ninapotofautiana naye ni kwenye tarehe. Utetezi huo una nguvu hadi tarehe 27 Novemba 2002, wakaguzi walipoanza tena kazi nchini Iraki. Kuanzia hapo, madai ambayo Washington na London zilikuwa zikiyatoa kwa mbali yaliweza kukaguliwa papo hapo, na makubwa kati yake yalipokaguliwa hayakusimama.

Tuangalie suala la Niger, ambalo lilitumia jina la nchi ya Afrika bila nchi hiyo kuulizwa hadharani. Tarehe 28 Januari 2003, Bush aliwaambia Wamarekani kwamba serikali ya Uingereza imebaini kuwa Saddam alitafuta urani nyingi, madini yanayoweza kutengenezea silaha za nyuklia, kutoka Afrika. Nyaraka zilizodai kwamba Niger ingeiuzia Iraki urani hiyo zilipokabidhiwa kwa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki mwezi uliofuata, haikuhitajika maabara kuzitilia shaka, maana barua moja ya mwaka 2000 ilikuwa na saini ya waziri wa mambo ya nje wa Niger aliyekuwa ameondoka katika wadhifa huo tangu mwaka 1989. Karani yeyote wa masijala angeligundua hilo kabla ya chai ya saa nne. Tarehe 7 Machi, Mohamed ElBaradei, mkuu wa shirika hilo, aliliambia Baraza la Usalama waziwazi kwamba nyaraka hizo si halisi. Ni kweli kwamba Uingereza ilishikilia kuwa ina chanzo kingine, lakini chanzo hicho haikukiweka wazi mbele ya waliotakiwa kuamua.

Katika kikao hichohicho ElBaradei alieleza kwamba mabomba (mirija) ya alumini yaliyoagizwa na Iraki, ambayo Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alikuwa ameyatolea hoja tarehe 5 Februari kama vifaa vya kurutubishia urani, yalielekea zaidi kuwa ya kutengenezea maroketi. Na wachambuzi wa wizara ya Powell mwenyewe walikuwa wameandika shaka kama hiyo tangu Oktoba. Naye Hans Blix, mkuu wa wakaguzi wa Umoja wa Mataifa, aliripoti kwamba makombora ya Iraki ya Al Samoud 2, yaliyopigwa marufuku, yalikuwa yanavunjwa chini ya usimamizi wa wakaguzi, na akasema kazi iliyobaki ingechukua miezi, si miaka. Siku 13 baadaye vita vilianza.

Hoja ya kwamba hakuna aliyejua inadhoofishwa pia na Robin Cook, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza na ambaye hakuwa mgeni wa taarifa za siri. Alijiuzulu tarehe 17 Machi, akaliambia Bunge kwamba huenda Iraki haina silaha za maangamizi kwa maana inayoeleweka na wengi. Kesho yake Bunge likaidhinisha vita kwa kura 412 dhidi ya 149.

Wapo watakaonikumbusha kwamba askari wa Marekani baadaye walikuta maelfu ya makombora ya kemikali. Walikuta, lakini yalikuwa mabaki yaliyotengenezwa kabla ya 1991, mengi yakiwa yameoza kwa kutu, wala hayakuwa yale yaliyotangazwa katika waraka wa Uingereza wa Septemba 2002 kuwa yanaweza kutumika ndani ya dakika 45. Tume ya Chilcot nayo, iliyoichunguza nafasi ya Uingereza katika vita hivyo, mwaka 2016 ilieleza kwamba tathmini za tishio hilo zilitolewa kwa uhakika usiostahili, na kwamba njia za amani zilikuwa hazijamalizwa.

Kwa hiyo sibishani kuhusu kilichokuwa moyoni mwa Bush au Blair, kwa kuwa hilo halipimiki. Ninachomwomba mchangiaji mwenzangu atujibu ni hiki: kati ya tarehe 7 na tarehe 20 Machi 2003, ni taarifa gani mpya iliyopatikana, yenye uzito wa kutosha kuwaondoa wakaguzi Baghdad kabla hawajamaliza kazi?