Konda wa basi lile mnalolijua kanitupa Uyole alfajiri, eti "Mbeya ndiyo hii"

Wakuu, naandika vidole vimekufa ganzi. Natoka Mombasa, Mbeya sijawahi kukanyaga, na wa kwanza kunipokea ni yule konda. Jina simtaji. Basi mnalijua, na yeye mnamjua.

Tiketi inasema stendi ya Nane Nane. Giza totoro, gari linasimama njia panda ya Tukuyu. "Shuka, Mbeya ndiyo hii." Kabla sijauliza stendi iko wapi, begi limeshatua kwenye tope. "Mbeya ndiyo hii!" Mlango ukafungwa, na wallahi gari likaendelea kuelekea huko huko mjini! Abiria wa Tunduma wamelala mle ndani na mablanketi, mimi niko barabarani na shati la mikono mifupi, kisa bwana mkubwa hataki kuingia stendi. Meno yaligongana mpaka mbwa wa Uyole wote wakaamka.

Sasa kumekucha, mlima Loleza umesimama juu ya mji, mzuri sana. Lakini kila nikiutazama namsikia yeye tu. Mbeya ndiyo hii! Mtu amelipa nauli kamili!

Mnyaki wa Rungwe: Pole mkuu. Ila mji uko mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, mwezi wa saba, wewe unakuja na shati la ufukweni?

Dada Mwanjelwa: Huyo huyo! Mama yangu alimshusha Inyala, usiku, na gunia la viazi.

Mtoa mada: Alimwambiaje, dada? Si "Mbeya ndiyo hii"?

Mhehe Mkali: Mbeya nako mnaita baridi? Njooni Mafinga.

Ukinga Juu: Mafinga kitu gani? Makete asubuhi majani yamepigwa barafu, ng'ombe wanayakanyaga yanalia kama vigae.

Mkulima Isyonje: Baridi si tatizo. Tatizo lumbesa! Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, mnunuzi anakuja shambani na gunia lake limeshonewa kilemba juu, ukigoma anahamia kwa jirani.

Dada Mwanjelwa: Hapo umenena. Mama yangu analia na lumbesa kila msimu.

Mtoa mada: Jamani, na konda?

Mhehe Mkali: Mkulima, viazi vipo bado? Mimi nanunua kwa mzani.

Mkulima Isyonje: Vipo, njoo inboksi.