Selim na Shah Ismail wangeungana badala ya kupigana, ingekuwaje?

MtuWaKondele: Wasee wa Kisumu na kwingine, hii kitu imenikosesha usingizi. 1514 Selim I, sultani wa Waosmani wa Istanbul, alimchapa Shah Ismail, mfalme wa Uajemi, kwa vita ya Chaldiran, alafu 1517 akachukua Cairo kwa Wamamluki, watawala wa Misri. Sasa hao watatu wangekubaliana tu wamkabili Mreno baharini?

Nakuru58: Ngumu bana. Ismail alishafanya Ushia dini ya dola, Selim ni Msuni, na Anatolia mashariki kila mtu anaitaka. Lakini Waosmani na Wamamluki waliwahi kusaidiana kweli, Istanbul ilituma mbao na mizinga Misri za meli za Bahari ya Shamu.

BintiKakamega: Mimi nawaza Mombasa. Mreno aliichoma 1505, na Mir Ali Bey, nahodha wa Waosmani, akija miaka ya 1580 alikuwa na meli chache sana, akashikwa na Mreno 1589, alafu 1593 Fort Jesus ikaanza kujengwa. Na wakati huohuo Istanbul ilikuwa inapigana na Uajemi, vita ya 1578 hadi 1590! Bila hiyo vita, hao askari wangeletwa huku je? Inaniuma mpaka leo.

MtuWaKondele: Aki hiyo miaka sikuwa nimeiunganisha. Basi swali langu ni la Mombasa, si la Chaldiran.