Kampeni za uhamasishaji za mashirika ya kimataifa: pesa inafanya kazi au inapotea? Tupeane uzoefu

Mhamasishaji wa Ziwa (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kila kijiwe kina la kusema. Wapo wanaosema afadhali, pesa ile ilikuwa inaishia kwenye semina na fulana. Wapo wanaosema tutaikumbuka. Mimi nimefanya kazi ya uhamasishaji Kanda ya Ziwa miaka mingi, kwenye miradi ya maji na usafi, na bado sina jibu la mkato. Nawaomba mliokuwa upande wa pili, yaani ninyi mliohamasishwa, mtuambie mlichokiona.

Naanza na langu. Tulikuwa na mradi wa kunawa mikono shuleni. Uzinduzi ukapangwa Oktoba 15, siku ya kunawa mikono duniani. Mahema yakaletwa, viti vya kukodi, spika, ngoma, mgeni rasmi, watoto wamevalishwa fulana zenye nembo za wafadhili wote mgongoni. Mgeni rasmi akanawa mikono mbele ya kamera kwa maji yaliyokuja na gari letu kutoka mjini, kwa sababu shule yenyewe haikuwa na maji. Pampu ya kisima ilikuwa imekufa siku nyingi. Watoto walikuwa wanakuja na vidumu vya maji kutoka nyumbani, na maji hayo yalikuwa ya kudekia na ya choo cha walimu. Nikauliza ofisini kama sehemu ya pesa ya uzinduzi ingeweza kutengeneza pampu. Nikajibiwa kwamba fungu la mawasiliano haliwezi kuhamishiwa kwenye miundombinu, mkataba hauruhusu. Na kweli mkataba ulikuwa hauruhusu.

Sasa, kata ya jirani, mradi huohuo, mwalimu wa afya aliwafundisha wanafunzi kutengeneza vibuyu chirizi. Kidumu kimetobolewa, kimefungwa kamba, chini kuna kijiti cha kukanyaga, pembeni kipande cha sabuni kimetobolewa katikati na kuning'inizwa. Kila darasa lina zamu ya kujaza maji. Mradi ulipofungwa nilipita pale kwa shughuli zangu nyingine, nikakuta vinatumika, na vidumu vilivyopasuka vilikuwa vimebadilishwa. Gharama ya vyote haikufika kodi ya hema moja.

Karibuni.

Nesi wa Mwambao wa Tanganyika

Asante kaka kwa mada. Mimi nitazungumzia vyandarua, maana ndiyo kazi niliyoianza nayo kliniki.

Mnaokumbuka, kuanzia 2004 mama mjamzito alikuwa anapewa hati punguzo kliniki, anakwenda nayo dukani anaongeza kiasi kidogo anapata chandarua. Baadaye, kwenye 2009 hadi 2011, vikagawiwa bure nchi nzima, kwanza kwa watoto wadogo kisha kwa kaya zote. Maneno yakawa mengi kwamba cha bure hakithaminiwi. Wachumi walikuwa wamelipima hilo upande wa Kenya wakachapisha 2010: ukiweka bei hata ndogo, wanaochukua wanapungua sana, na waliopewa bure hawakuwa wanakitumia kidogo kuliko walionunua. Mimi ndivyo nilivyoona pia.

Ila ni kweli, huku ziwani nimeona chandarua kikivulia dagaa, kwa macho yangu. Likatoka agizo tuongeze elimu. Tukaongeza: mabango, gari la matangazo, mikutano. Haikusaidia, kwa sababu mvuvi yule alikuwa anajua kila kitu kuhusu mbu na malaria, angeweza kukufundisha. Alikuwa na njaa na hakuwa na wavu.

Kwa wengine tatizo lilikuwa dogo kiasi cha kuumiza roho. Unaingia nyumba moja, watoto wanalala chini kwenye mkeka mmoja, hakuna kitanda, hakuna pa kufunga chandarua, kimekunjwa ndani ya mfuko wake juu ya sanduku. Mhudumu wetu wa afya wa jamii akaanza kutembea na misumari, nyundo na kamba ya katani. Anaingia, anapigilia, anafunga, anamwonyesha mama namna ya kukizungusha na kukichomeka chini ya mkeka, anaondoka. Misumari hiyo aliinunua mwenyewe, maana haikuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote. Bango lilikuwepo.

Mpigachapa wa K/Koo

Mimi niko upande ambao hakuna anayeuliza, upande wa kuchapa. Fulana, kofia, mabango, vipeperushi, tumechapa sana. Sisemi vibaya, kazi hiyo imelipa ada za wanangu.

Nachoweza kuwaambia ni kuhusu muda. Oda zilikuwa zinamiminika mwezi wa tisa. Mwaka wa fedha wa serikali ya Marekani unaisha Septemba 30, na pesa isiyotumika inaleta maswali, kwa hiyo afisa anakuja mbio: fulana maelfu, wiki moja, bei siyo tatizo. Hapo mtu hafikirii tena kama kijiji kinahitaji fulana.

Kingine ni michoro. Inakuja tayari kutoka makao makuu, huruhusiwi kubadilisha hata rangi. Tulishachapa bango la uzazi wa mpango kwa ajili ya mikoa ya kusini, na mama kwenye picha amejifunga kilemba kikubwa na vazi la Afrika Magharibi. Nikasema, mama wa Newala atamwona huyu ni mgeni. Wakasema chapa. Mwaka uliofuata nikapeleka mzigo mwingine kwenye stoo yao, nikakuta yale ya mwanzo yangali ndani ya karatasi tuliyoyafungia.

Kuanzia mapema 2025 simu zimekauka. Vijana wawili nimewaaga.

Mwana Butembo

Wandugu, salamu kutoka Kivu ya Kaskazini. Sisi tulipitia Ebola kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020. Watu 2,287 walikufa. Mashirika yalikuja kwa wingi ambao hatujawahi kuuona, na kila moja lilikuwa na watu wake wa kuhamasisha.

Muelewe hali ilikuwaje. Upande wa Beni watu walikuwa wanauawa usiku na waasi, miaka inapita, na hakuna aliyekuja. Ikaja Ebola, ghafla barabara imejaa jeep nyeupe. Watu wakauliza: huu upendo mlikuwa mmeuficha wapi? Halafu Desemba 2018 tukaambiwa Beni na Butembo hatutapiga kura ya rais, Ebola ikiwa moja ya sababu, wakati soko limejaa na kanisa limejaa. Mwenye nyumba anapangisha kwa bei ya ajabu, mwenye gari anakodisha kwa siku, na mwenye mgonjwa anaambiwa toa mwanao umpeleke nyuma ya uzio. Tukaanza kusema Ebola ni biashara. Ukileta spika juu ya gari katika hali hiyo, unawasha moto. Vituo vilishambuliwa, wahudumu wakauawa, na wengine wao walikuwa watoto wa hapahapa. Mwaka huohuo wa 2019 surua ilikuwa inaua watoto Kongo nzima, zaidi ya 6,000, na kwa ajili yao sikuona jeep.

Lakini nataka niwe mkweli. Mambo mawili yaligeuza mawazo ya familia yetu, na yote mawili yalilipwa na mashirika hayohayo.

La kwanza, vile vyumba vya wagonjwa vya plastiki inayoonyesha ndani. Shangazi yangu alilazwa humo. Zamani ulikuwa unamkabidhi mtu kwa wavaa mavazi ya kufunika uso na usimwone tena, unaletewa mfuko. Humu tulisimama nje, tukamwona, tukaongea naye, akatuonyesha kwa mkono kwamba amekunywa uji. Mjomba aliyekuwa anasema wanawachoma wagonjwa sindano ya kufa alikaa pale mchana kutwa anatazama, na jioni alirudi nyumbani akiwa kimya, kesho yake akapeleka chakula.

La pili ni waliopona. Waliajiriwa kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wodini, kwa sababu wao walikuwa na kinga mwilini. Jirani yetu alikuwa mmoja wao. Alipopita mtaani na kusema "mimi niliingia, nimetoka", hakuna aliyebishana naye. Na alikuwa anasema kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani, siyo kwa Kifaransa cha mabango.

Kwa hiyo ukiniuliza kama pesa ilikuwa na faida, nitakuuliza pesa ipi.

Nyota ya Magharibi

Kaka wa Butembo, pole sana kwa yote hayo.

Mimi natoka Busia, upande wa Kenya. Shuleni tulikuwa tunaimba "Ukimwi unaua" kwenye paredi mpaka maneno yakaisha maana. Tunaambiwa tujiepushe, basi. Mwaka 2004 nikiwa darasa la nane, akaja dada mmoja na filamu fupi kuhusu wasichana na wanaume watu wazima. Baadaye akachukua chaki akatuchorea ubaoni maambukizi kwa kila umri: wavulana wa rika letu wachache sana, na kadiri mwanamume anavyokuwa mkubwa ndivyo asilimia inavyopanda. Darasa zima lilinyamaza. Sisi tulidhani ni kinyume! Kijana wa mtaani ndiye tuliyemwona hatari, na mwanamume wa makamo mwenye duka au trela hapo mpakani, amevaa vizuri, ana mke, tulimwona ni salama.

Hakutuambia tufanye nini. Alijibu maswali akaenda. Miaka baadaye, nikiwa chuo, nikasoma utafiti wa shule za eneo letu: zilizopata kipindi hicho kimoja, mimba za wasichana zilipungua kwa asilimia 28, ilhali kuwafundisha walimu mtaala ule wa kujiepusha hakukupunguza mimba. Kipindi kimoja cha darasa na chaki! Kampeni nyingi zinatuambia tunalolijua tayari.

Mgogo Halisi

Dada Nyota amenikumbusha kitu. Mnaikumbuka Twende na Wakati, tamthilia ya Radio Tanzania iliyoanza 1993 kwa ufadhili wa Umoja wa Mataifa? Mkwaju dereva wa lori? Sisi Dodoma hatukuwa tunaisikia. Kituo chetu kilikuwa kinarusha vipindi vingine muda huo, na binamu zangu wa Morogoro wakija likizo wanasimulia Mkwaju kafanya hivi, sisi tunatoa macho tu. Baadaye ndiyo nikajua tuliachwa makusudi mpaka 1995, ili watafiti walinganishe. Matokeo yalionyesha waliosikiliza walianza kutumia uzazi wa mpango zaidi, na sisi tulipofunguliwa tukawafuata. Sikufurahia kuwa kipimo bila kuulizwa, lakini nakubali kwamba angalau hao walipima. Kampeni ngapi za siku hizi zinaweza kuonyesha kitu kama hicho, mbali na idadi ya "waliofikiwa"?

Binti Mara

Nimesoma yote kabla ya kuandika. Mimi ni Mkurya.

Kwetu ukeketaji una msimu wake, Desemba shule zikifungwa, hasa miaka inayogawanyika kwa mbili. Sheria ya kukataza kukeketa watoto ipo tangu 1998, na kila mtu kijijini anajua ipo. Nilipokuwa darasa la saba nilisikia maandalizi, mbuzi wamenunuliwa, shangazi zangu wamefika. Kwenye redio kulikuwa na kipindi kilicholipiwa na shirika fulani la nje. Mtangazaji hakuwa anasema tu "tokomeza ukeketaji". Alikuwa anataja: ukiwa kata hii nenda kwa mwalimu huyu, ukifika mjini ulizia dawati la jinsia polisi, nyumba salama iko upande huu, hutaulizwa nauli. Nilishika yale maelekezo kichwani. Usiku nilitoka na madaftari yangu, nikaenda kwa mwalimu, naye akanipeleka.

Kwa hiyo msiniambie pesa yote ilipotea. Mimi nipo.

Lakini nilipokuwa nyumba salama tulikuwa wengi kuliko vitanda, na Januari chakula kilikuwa cha kuhesabu. Miezi hiyohiyo shirika jingine lilifanya sherehe kubwa ya ngariba kusalimisha visu. Walipewa khanga na mtaji mdogo, wakapigwa picha. Mmoja wao ni wa ukoo wetu. Msimu uliofuata alikeketa kwa kisu kipya. Mpaka leo nikiona picha za visu vimepangwa mezani, nawaza unga uliokuwa unapungua kwenye lile debe jikoni kwetu.

Mzee wa Songea

Binti, Mungu akutunze.

Niongeze moja tu la zamani. Mwaka 1973 palikuwa na Mtu ni Afya, kampeni ya serikali, watu wapatao milioni mbili nchi nzima kwenye vikundi vya redio. Nilikuwa kijana, naandika mahudhurio ya kikundi chetu. Tunasikiliza kipindi, mmoja anasoma kitabu kwa sauti, halafu swali: hapa kijijini tunafanya nini? Hatuondoki bila azimio, na wiki ijayo mnaulizana mmoja mmoja, choo umechimba? Hatukulipwa posho. Siku hizi nikiitwa mkutano wa mradi, swali la kwanza la wenzangu ni la bahasha ya nauli, na tabia hiyo tumefundishwa na miradi yenyewe.

Mhamasishaji wa Ziwa (mleta mada)

Mzee shikamoo. Asanteni wote.

Mwezi ujao kuna mradi mpya unatambulishwa kwenye kamati ya maendeleo ya kata yetu, na mimi ni mjumbe. Nitaomba bajeti isomwe fungu kwa fungu mbele ya wenyeviti wa vijiji. Nitauliza tunapewa taarifa gani ambayo hatuna, na vifaa vya kuifanyia kazi vimewekewa shilingi ngapi. Nitauliza pia nani atapima, na lini. Nikipata majibu nitayaweka hapa.

Binti Mara, naomba unijibu ukipata nafasi: hayo maelekezo ya redioni nani aliyakusanya, shirika au wenyeji? Tunataka kufanya kama hivyo hapa kwetu kwa watoto wanaoachishwa shule kwenda kuvua.

Binti Mara

Walimu wenyewe, kaka. Shirika lilikuwa linalipia muda wa hewani tu. Kwenye bajeti anza kuulizia fungu la nauli na chakula, maana ukitangaza watoto watakuja kweli.